Kushinda Mnada Si Kuokoa Pesa: Hesabu ya Mnunuzi wa Kibera na Kawangware

Asubuhi na mapema, kabla wateja wa kawaida hawajafika Soko la Toi, kando ya Kibera jijini Nairobi, wachuuzi huwa wameshalizunguka robota la mitumba lililofungwa kwa mikanda. Mwenye mali akikata mikanda, mikono inaingia. Walio mbele huchomoa nguo safi zisizo na doa, wanazoziita kamera, na huzilipia moja moja kwa bei ya juu. Baada ya muda bei huanza kuteremka, na mwishowe hubaki fagia, rundo la kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hapo hakuna nyundo wala daftari la dalali, lakini ni mnada kamili. Mali ni chache, wanaoitaka ni wengi, na anayeondoka nayo ni yule aliye na pesa mkononi saa hiyo hiyo.

Siku hizi mnada huo umeingia kwenye simu. Serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti 2020 kwa sababu ya korona, na wateja wakawa wanaogopa msongamano, wachuuzi wengi walizidi kutegemea WhatsApp na Facebook. Baadaye TikTok ikafuata, muuzaji akisimama mbele ya kamera ya simu na kuonyesha nguo moja baada ya nyingine huku watazamaji wakishindana kuandika kwanza. Kampuni za madalali hutangaza mtandaoni magari, pikipiki na friji zilizokamatwa kwa sababu ya madeni. Mamlaka ya Ushuru, KRA, nayo hunadi kupitia mtandao mizigo ambayo wenyewe hawakuichukua forodhani. Mitandao ya matangazo kama Jiji, iliyochukua biashara ya OLX nchini Kenya mwaka 2019, huuza kwa kupatana bei, ingawa wanunuzi wawili wakiifukuzia sofa moja mnada huzaliwa wenyewe.

Swali ni je, mama anayefua nguo Lavington na kurudi Kawangware jioni, au kijana wa Laini Saba, Kibera, anayetafuta kompyuta ya kuanzishia saiba, anaweza kweli kuokoa pesa huko? Anaweza. Lakini ujanja wa kutaja bei, ambao ndio unaosifiwa sana, una mchango mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mambo matatu huamua mapema: kuikagua mali, kupiga hesabu ya gharama yote, na kuwa na pesa ya mkupuo. Hilo la tatu ndilo linalowapiga chenga wakazi wengi wa mitaa hii, na ndilo linalohitaji mkakati zaidi.

Kila mnada na sheria yake

Kosa la kwanza la mnunuzi mgeni ni kudhani minada yote ni mamoja. Mnada wa kawaida ni ule wa bei kupanda: dalali anaanza chini, watu wanaongeza, wa mwisho anachukua. Hapa mkakati ni mwepisi kuueleza na mgumu kuutimiza. Endelea mpaka kikomo chako, kisha nyamaza.

Mnada wa bahasha ni tofauti. Taasisi za serikali zinapouza magari makuukuu, viti vilivyovunjika au kompyuta zilizochoka chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, mara nyingi kila mtu huandika bei yake kwa siri. Ukishinda unalipa ulichoandika, hata kama aliyekufuata yuko mbali nyuma yako. Kwa hiyo anayeandika thamani kamili ya kitu hajaokoa chochote hata akishinda. Inabidi uandike chini ya kikomo chako, na ukubwa wa punguzo hilo utegemee idadi ya wapinzani unaowatarajia. Wakiwa wachache, shuka zaidi. Wakiwa wengi, sogea karibu na kikomo.

Aina ya tatu ndiyo iliyoipa jina eBay, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995. Unauambia mtambo bei yako ya juu kabisa, nao unakupandia hatua kwa hatua, kiasi cha kumpita tu mpinzani. Mshindi hulipa zaidi kidogo ya kile alichokitaja wa pili. Mwanauchumi William Vickrey alieleza mwaka 1961 kwamba katika mnada wa namna hii kusema ukweli ndio ujanja mkubwa: taja thamani halisi ya kitu kwako, kwa sababu bei utakayolipa imewekwa na mwenzako. Mwaka 1996 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa mchango wake katika uchumi.

Aina ya nne inastahili kukimbiwa. Ni ile ambayo kila kubofya hulipiwa, hata ukishindwa. Kampuni ya Swoopo ya Ujerumani iliieneza kabla ya kufa mwaka 2011: bei ya televisheni ilipanda kwa senti tu, saa ikaongezwa kila mtu alipobofya, na kila kubofya kulikatwa ada. Mtafiti Ned Augenblick, katika kazi aliyochapisha mwaka 2016, alionyesha kuwa waendeshaji wa minada hiyo walikusanya kwa wastani zaidi ya mara moja na nusu ya thamani ya bidhaa. Watu waliendelea kubofya kwa sababu walishatumia pesa na hawakutaka zipotee bure. Mchezo wa ujumbe mfupi unaokuambia utaje bei ya chini kabisa isiyotajwa na mwingine, huku ukikatwa shilingi kadhaa kila ujumbe, ni ndugu yake. Huo ni bahati nasibu iliyovaa kanzu ya mnada.

Sekunde za mwisho

Ushauri maarufu kuliko wote ni kusubiri. Usionyeshe nia yako mapema, wasemavyo wazoefu. Ibuka sekunde kumi kabla ya kufungwa, taja bei yako, umalize. Ushauri huo una msingi. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha minada ya eBay na ya Amazon katika utafiti wa 2002. eBay ilikuwa ikifunga saa maalumu bila huruma, nayo Amazon iliongeza dakika kumi kila bei mpya ilipotajwa mwishoni. Waliovizia dakika za mwisho walikuwa wengi zaidi eBay, kwa maana huko ndiko kulikokuwa na faida ya kuvizia. Kwa hiyo kabla hujapanga kuvizia, soma kwanza kanuni ya kufunga. Kama saa inaongezwa, kuvizia hakukupi kitu.

Halafu kuna hali halisi ya mtaani. Hata pale ambapo intaneti ya bei nafuu imefika, stima ikipotea Gatina, Kawangware, saa tatu usiku vifaa vyote vya mtandao huzimika pamoja nayo. Bando huisha katikati ya shughuli, na simu yenye betri iliyochoka huzima bila kuaga. Mtu wa Kilimani mwenye waya wa intaneti na jenereta anaweza kucheza na sekunde kumi. Wa Gatwekera, Kibera, atakuwa salama zaidi akiuachia mtambo kikomo chake mapema, kama mnada unaruhusu, kisha alale. Akishindwa kwa kuwa mwingine alitaja zaidi ya kikomo, hajapoteza kitu.

Tatizo ni kwamba watu huvipandisha vikomo vyao. Kila mnada una joto lake. Ukishaongoza kwa dakika ishirini, kitu hicho unakiona chako, na aliyekupita ni kama amekupokonya. Kuna pia wauzaji wanaompanga mtu, au kufungua akaunti ya pili, ili apandishe bei bila nia ya kununua. Mnunuzi mwenye kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi hasumbuki kujua nani ni wa kweli na nani amepangwa, maana hakuna kati yao atakayemvusha pale alipoandika.

Friji ya Sh14,000

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mlangoni. Friji ya milango miwili inanadiwa kwenye yadi ya Industrial Area. Picha zinavutia, na mnunuzi wa Kawangware anashinda kwa Sh14,000. Majirani wanampongeza, kwa kuwa mpya ya ukubwa huo ingemla mara kadhaa ya pesa hiyo.

Sasa gharama zinaanza kuingia. Nauli ya kwenda kukagua na kurudi kulipa ni Sh400. Siku ya kibarua iliyopotea ni Sh1,000. Pikapu ya kuileta ni Sh2,500, na vijana wa kuibeba kutoka barabarani hadi ndani ya ploti, wakiipitisha vichochoroni na kuipandisha ngazi, wanataka Sh500. Ada za kutuma pesa ni kama Sh100. Ikichomekwa inanguruma lakini haigandishi. Fundi anasema gesi imeisha na kidhibiti joto kimekufa. Gesi, kipuri na ufundi ni Sh4,500. Jumla ya nyongeza ni Sh9,000, na friji imefika Sh23,000. Tuseme fundi wa Naivasha Road anauza ya aina hiyo hiyo, iliyokwisha kutengenezwa, kwa Sh21,000, na anakubali kuirudia ikikataa ndani ya miezi mitatu. Aliyeshinda mnada amepoteza Sh2,000 pamoja na dhamana.

Hesabu sahihi huanzia kwenye bei ya fundi. Kutoka Sh21,000 ondoa Sh9,000, inabaki Sh12,000. Kisha toa tena kiasi cha kujikinga, kwa sababu mali ya mnada huuzwa ilivyo na ilipo, bila kurudishwa. Tukitoa Sh2,000, kikomo ni Sh10,000. Zaidi ya hapo, mnunuzi anawalipa watu kwa ajili ya kero.

Hapa ndipo inapoingia laana ya mshindi. Wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza mwaka 1971 kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za visima katika Ghuba ya Mexico zilipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Wengi wakikadiria thamani ya kitu kisichojulikana vizuri, atakayeshinda ni yule aliyekadiria juu kuliko wote, na huenda ndiye aliyekosea zaidi. Mantiki hiyo haibadiliki ukitoka kisimani ukaja kwenye simu iliyotumika. Ukiona watu ishirini wamekuachia kitu kwa bei ambayo wewe unaiona ya bure, jiulize wameona nini ambacho wewe hukukiona kwenye picha.

Dawa yake ni ukaguzi, na hapa wakazi wa mitaa hii wana mtaji ambao matajiri wengi hawana. Kibera na Kawangware zimejaa mafundi wa friji, redio, simu, cherehani na pikipiki. Kumlipa fundi Sh500 aandamane nawe yadini ni bei ndogo kuliko vipuri vingi. Pale ambapo mali haiwezi kukaguliwa kabisa, kikomo kishuke sana au uachane nayo.

Dalali wa kweli na tapeli

Nchini Kenya udalali wa mnada ni kazi ya leseni. Sheria ya Madalali wa Mnada ya 1996 iliunda bodi ya kuwasajili, na mnada halali hutanguliwa na tangazo, nafasi ya kukagua na masharti ya malipo. Kwa magari, madalali wengi hudai amana ya kupewa namba ya kushiriki, kati ya makumi ya maelfu na hata laki moja, inayorudishwa ukishindwa. Mizigo ya forodha inayouzwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka kila Ijumaa. Matapeli wanaijua njia hiyo vizuri. Hubuni ukurasa wenye nembo ya KRA, huweka gari zuri kwa bei ya kushangaza, kisha hudai amana kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mamlaka hiyo imeonya umma zaidi ya mara moja kuhusu minada ya namna hiyo.

Kwa hiyo thibitisha leseni ya dalali, nenda mwenyewe ilipo mali, na ulipe kwa akaunti au namba ya biashara yenye jina la kampuni. Pikipiki au gari litafutwe kwanza kwenye rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Ada ya huduma hiyo imekuwa Sh550, pesa kidogo ukilinganisha na kununua deni la mwingine. Kwa simu, bonyeza *#06#, ulinganishe namba inayotokea na ile ya kwenye boksi au risiti. Simu isiyo na historia ikiuzwa nusu bei huenda iliibwa, na kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumpeleka anayepokea mali ya wizi jela hadi miaka 14.

Pesa ya mkupuo

Sasa tufike kwenye kiini. Mnada humpendelea mwenye taslimu. Amana hutakiwa kabla, salio hutakiwa upesi, na atakayechelewa huweza kuipoteza amana. Mali bora mara nyingi huuzwa kwa mafungu makubwa: kompyuta hamsini kwa pamoja, kontena zima la vigae. Mchuuzi wa Toi anayenunua fagia hakosi jicho la kuitambua kamera. Anachokosa ni pesa ya saa hiyo.

Njia ya mkato ni mkopo wa simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza 7.5% kwa mkopo wa siku 30, na wakopeshaji wengine wa simu walikuja na viwango vikali zaidi. Kwa friji yetu yenye kikomo cha Sh10,000, Sh750 za mwezi wa kwanza zinashusha kikomo hadi Sh9,250. Mkopo ukirudiwa mwezi wa pili, nafuu inaendelea kuliwa. Anayekopa ili ashinde mnada ni lazima auingize mkopo huo kwenye kikomo chake, jambo ambalo ni wachache wanaolifanya.

Njia ndefu iko mtaani tangu zamani: chama, ambamo wanachama huchanga na fungu lote humwendea mmoja wao kwa zamu. Wanauchumi Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walifanya utafiti Kibera na kuuchapisha mwaka 2002. Walikuta wanachama wengi wa vyama vya mzunguko ni wanawake, na wakatoa hoja kwamba kwa mwanamke aliyeolewa, chama ni njia ya kuitoa pesa nyumbani kabla mume hajaipangia matumizi mengine, mpaka itoshe kununua kitu kikubwa. Yaani chama hutengeneza kile kile ambacho mnada unakidai: mkupuo.

Inafaa kuona jinsi zamu inavyogawiwa. Nchini India kuna vyama vinavyoitwa chit, vyenye sheria yake tangu 1982, ambavyo hunadi zamu yenyewe. Kila mwezi anayekubali kupunguziwa zaidi ndiye anayebeba fungu, na punguzo hilo hugawiwa wengine. Mwenye biashara hubeba mapema, mwenye subira hupata faida. Katika vyama vya Kibera zamu huenda kwa kura au kwa mpangilio uliokubaliwa. Mnada ungetoa faida kwa wasubirifu, lakini faida hiyo ingetoka mfukoni mwa yule ambaye mtoto wake amelazwa hospitalini wiki hiyo, maana ndiye angekubali kupunguziwa zaidi. Kura haiangalii dhiki ya mtu. Wanachama wamechagua kuokoa pesa bila kunadiana wao kwa wao, na ni uamuzi wenye akili.

Nje ya chama, hata hivyo, nguvu hiyo ya pamoja inaweza kwenda mnadani. Wanachama kumi wakitenga Sh200 kila mmoja kila wiki kando ya mzunguko wa kawaida, wiki tano zinatoa Sh10,000, kikomo kamili cha friji yetu. Wakiendelea mwaka mzima, wana zaidi ya laki moja: amana ya pikipiki, au fungu la cherehani litakalogawanywa kati yao. Gharama ya kukagua na ya pikapu inagawanyika pia, na fundi analipwa mara moja kwa vitu kumi. Zile Sh9,000 zinazomla mnunuzi mmoja zinakuwa nyepesi zikibebwa na wengi. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022 inawezesha kundi la watu kumi au zaidi kusajiliwa na kutambuliwa, hatua inayorahisisha kufungua akaunti na kuandikiwa risiti kwa jina la kundi.

Kuna mpaka wa kuheshimu. Kununua pamoja kama mnunuzi mmoja ni halali. Wanunuzi walio washindani wakikubaliana kisiri kwamba leo fulani asiguswe ili bei ibaki chini, kesho zamu ya mwingine, wanaingia kwenye njama za zabuni zinazokatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2010.

Mali ilikotoka

Jambo moja halimo kwenye hesabu ya shilingi. Baadhi ya friji, sofa na pikipiki zinazonadiwa zilikuwa za watu wa mitaa hii hii, waliodhamini mkopo wa kikundi au walioshindwa kumaliza malipo ya boda. Sheria inamlinda mdaiwa kwa kiasi: kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinazuia kukamatwa kwa mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yake na ya familia yake, pamoja na zana za kazi ya fundi, ili kutekeleza hukumu ya mahakama. Mnunuzi akikuta cherehani ya fundi au sufuria za mtu zimekamatwa kwa amri ya mahakama, ana sababu ya kuuliza maswali. Mali iliyokamatwa kinyume cha utaratibu inaweza kumfuata mahakamani, na jirani aliyeipoteza bado atakutana naye kisimani.

Nani aokoe nini

Mnada wa mtandaoni hauwafai wote kwa usawa. Kwa kitu cha bei ndogo, kama viatu au pasi, gharama za njiani humeza nafuu yote. Hapo Toi na Kawangware hazina mpinzani. Kwa kitu cha bei ya wastani, kama friji au televisheni, fundi wa mtaani mwenye dhamana mara nyingi humshinda dalali, isipokuwa mnunuzi ana jicho la ufundi na usafiri wa kushirikiana. Mnada huanza kulipa kwenye vitu vya kazi na mafungu makubwa: cherehani, mashine za kinyozi, pikipiki, kompyuta za saiba. Huko ndiko nafuu inakozidi gharama, na ndiko mtu mmoja mmoja hawezi kufika.

Wauzaji nao wana la kufanya. Mafungu madogo, siku ya ukaguzi iliyo Jumamosi badala ya siku ya kibarua, na amana inayolingana na thamani ya kitu vingeongeza wanunuzi, na wanunuzi wengi humpa muuzaji bei nzuri. Hadi hilo litakapofanyika, mkutano wa chama ndio mahali pa kushindia mnada. Kikomo kijadiliwe pale, kiandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu na kutiwa sahihi, na atakayetumwa kutaja bei asiwe na mamlaka ya kuongeza hata shilingi mia.